Bodi Iliyogeuka Waya: Uchambuzi wa Kisa cha Bunduki ya Easofti Iliyofyatua Yenyewe

Bunduki iliyoletwa mezani kwangu ilikuwa na ugonjwa ambao kila aliyesikia habari zake alikuwa ameshautaja kwa jina moja, kwamba mosifeti, yaani swichi yake ya kielektroniki, imekufa. Ilikuwa bunduki ya easofti ya umeme, ya umbo la M4, yenye bodi, yaani kiwiliwili, ya aloi na kitako cha kuvuta, na kila ilipochomekwa betri ilianza kufyatua bila mtu kugusa triga. Mwenyewe, kijana wa kwetu anayesoma chuo hapa Uingereza, alikuwa ameshanunua mosifeti ya pili na kuifunga, nayo ikafanya vilevile. Alipokuwa anatafuta pesa za ya tatu, mama yake alimwambia ainue mguu aje kwangu kwanza, kwa sababu anajua kwamba sehemu kubwa ya ujana wangu niliitumia Mombasa nikifungua dashibodi za matatu na kufuata nyaya zilizoungua. Mchezo wenyewe siujui kama wanavyoujua wenyewe, lakini umeme wa volti 12 ndani ya chombo cha chuma tumeishi pamoja miaka mingi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuiona, easofti ni mchezo wa kuigiza vita kwa bunduki zinazorusha gololi za plastiki za milimita 6. Katika bunduki za umeme, mota ndogo iliyo ndani ya mshikio huzungusha gia tatu. Gia ya mwisho huivuta pistoni nyuma na kuikandamiza springi, na meno yake yakiisha pistoni huachiwa, hewa iliyo mbele yake ikaisukuma gololi nje ya mtutu. Mpangilio huu uliingizwa sokoni na kampuni ya Kijapani ya Tokyo Marui mwaka 1991 katika bunduki ya umbo la FA-MAS, na giaboksi, yaani sanduku la gia hizo, iliyomo katika M4 nyingi za leo ni toleo la pili la mpangilio huohuo. La kushika kwa ajili ya kisa hiki ni kwamba umeme una safari ndefu ndani ya chombo chembamba: betri iko nyuma kwenye kitako, triga iko katikati, mota iko chini kwenye mshikio, na kila kona kati ya hivyo vitatu ina ukingo wa chuma.

Tukio lenyewe lilitokea uwanjani siku ya Jumapili, katika eneo salama ambako wachezaji huandaa zana zao. Kanuni ya huko ni kwamba magazini hutolewa na mdomo wa mtutu hufunikwa, na kanuni hiyo ndiyo iliyoleta nusura. Kijana alichomeka betri bunduki ikiwa imelala mezani, swichi ikiwa kwenye usalama, na papo hapo ikaanza kukereza. Gololi moja iliyokuwa imesalia ndani ya chemba ilitoka ikaishia kwenye kifuniko cha kitambaa. Hapa inafaa ieleweke kwamba usalama wa bunduki nyingi za aina hii huizuia triga kwa kipande cha chuma tu. Haukati umeme, na mota ikipata njia nyingine ya kuzunguka, swichi hiyo haina la kusema. Sheria ya Uingereza huihesabu bunduki inayofyatua mfululizo kuwa ya easofti mradi nguvu ya gololi yake isizidi jouli 1.3, na ya kijana ilikuwa ndani ya kipimo hicho, lakini jouli moja na kitu inatosha kabisa kumharibia mtu jicho.

“Ami, imejiendesha yenyewe, Wallahi sikuigusa,” aliniambia.

Nikamuuliza ilijiendesha kwa kasi gani. Akafikiri kidogo, akasema ilikuwa inazunguka kwa uvivu, mara inashika mara inaachia, kama betri inayokaribia kwisha. Betri hiyo ilikuwa imetoka kwenye chaja asubuhi ileile. Jibu hilo niliandika pembeni ya karatasi kwa sababu halikulingana na ugonjwa uliotajwa, na nitalirudia.

Orodha ya vitu vipya alivyovifunga ilikuwa ndefu kuliko alivyoanza kuisimulia. Mota ya kiwandani ilitolewa ikawekwa nyingine yenye sumaku za neodimiamu. Betri ya zamani ya nikeli yenye volti 8.4 iliachwa, ikaja ya lipo (lithiamu-polima) ya volti 11.1, ambayo ikijaa hufika 12.6. Plagi ndogo ya Tamiya ilikatwa ikawekwa ya Deans. Nyaya za kiwandani, ambazo zilikuwa namba 18 kwa kipimo cha Kimarekani, zilitolewa zote zikalazwa nyaya za silikoni za namba 16, maana kwa kipimo hicho namba ikipungua waya huwa mnene zaidi. Mosifeti iliingizwa ndani ya bomba la kitako. Na fyuzi, ambayo kiwanda kiliiweka karibu na betri, iliondolewa kwa maelezo kwamba inapunguza umeme. Kazi yote aliifanya mwenyewe juu ya meza ya kulia chakula, na nikiri kwamba viungo vyake vya kulehemu vilikuwa safi kuliko vya mafundi kadhaa niliofanya nao kazi.

Bila kujua mosifeti inafanya nini ndani ya bunduki, kisa hiki hakifahamiki. Katika bunduki isiyo nayo, umeme wote wa mota hupita kwenye vipande viwili vya shaba vilivyo nyuma ya triga. Mota inapofyatua mfululizo hula takriban ampia 15 hadi 25, na wakati wa kuanza kuzunguka hula nyingi zaidi kwa kitambo kidogo, hivyo kila triga inapoachiwa cheche huruka kati ya vipande hivyo na shaba huungua kidogo kidogo mpaka inakuwa nyeusi. Mosifeti ni swichi isiyo na cheche. Triga huipelekea ishara tu kwa nyaya mbili nyembamba, na yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Ile inayotumika humu kwa kawaida hukaa upande wa hasi: waya mwekundu hutoka kwenye betri ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye mota na hukaa na umeme muda wote, ilhali waya mweusi wa betri huishia kwenye mosifeti, na waya mweusi mwingine hutoka upande wa pili wa mosifeti kwenda kwenye mota. Kwa hiyo ndani ya bunduki kuna weusi wawili wanaofanana kwa rangi lakini si ndugu. Wa kwanza ni hasi ya betri. Wa pili ni hasi ya mota, na kazi nzima ya mosifeti ni kuwatenga hao wawili mpaka triga ivutwe. Wakikutana mahali popote pengine, mota itazunguka, na mosifeti itakuwa nzima kama ilivyotoka dukani.

Mosifeti inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imefunga, yaani inapitisha umeme moja kwa moja. Ndiyo maana duka alikoipeleka mara ya kwanza halikuwa na kosa kubwa kuishuku. Muuzaji aliweka ncha za mita ya kupimia umeme kwenye miguu miwili ya mosifeti ikiwa bado imo ndani ya bunduki, mita ikalia, ishara kwamba kuna njia ya umeme kati ya ncha zake, akasema imekufa, akamuuzia nyingine. Ya pili ilipofungwa na kupimwa namna hiyohiyo, mita ikalia tena, na hukumu ikawa kwamba aina hiyo ni mbovu anunue ya bei kubwa zaidi. Hakuna aliyeipima ikiwa nje ya bunduki. Kwa mtu aliyefunzwa kwenye gari hilo ni jambo la kushangaza kidogo, maana hata mwanagenzi wa wiki mbili huambiwa kwamba kifaa kilichofungwa kwenye saketi hakipimwi chenyewe, kinapimwa pamoja na kila kilichoungana nacho.

Nilikuwa na washukiwa watatu. Wa kwanza alikuwa mosifeti yenyewe. Wa pili alikuwa nyaya za ishara, kwamba huenda zimegusana nyuma ya triga, mosifeti ikadhani triga imevutwa. Wa tatu alikuwa njia ya pembeni, umeme kuizunguka mosifeti bila kupita ndani yake. Wale wawili wa mwanzo wana tabia moja: mota ingezunguka kwa kasi yake yote, kwa sababu njia ni pana na safi. Ule uvivu alioueleza kijana, kushika na kuachia, ni tabia ya umeme unaopenya mahali padogo, pengine ncha ya nyuzi mbili tatu zinazogusa chuma. Kwa hiyo kabla sijashika bisibisi nilikuwa nimeshaelemea kwa mshukiwa wa tatu, ingawa kuelemea si kupima.

Kupima kulikuwa na mitego miwili, na wa kwanza ulikaribia kunishika. Betri ikiwa nje, niliweka ncha moja ya mita kwenye kiwiliwili cha bunduki na nyingine kwenye waya mweusi wa betri, mita ikanyamaza. Nikaijaribu kwa waya wa mota, kimya. Kwa dakika kadhaa niliamini kwamba bodi haimo katika kesi. Kisha nikakumbuka kwamba chuma kile kimepakwa rangi nyeusi ngumu ya kiwandani, na rangi haipitishi umeme. Nilikuwa napima rangi. Nilipohamisha ncha kwenye kichwa cha pini ya chuma inayoshikilia giaboksi, palipokwaruzika pakang'aa, mita ililia. Ililia kwa waya mwekundu pia, na huo ndio mtego wa pili: ukinzani wa mota ni mdogo sana, chini ya omu moja, kwa hiyo maadamu mota imo, chochote kinachogusa waya wake mmoja mita hukiona kama kinagusa zote mbili. Nilifungua sahani ya chini ya mshikio nikaichomoa mota, nikarudia. Sasa mwekundu ulinyamaza. Mweusi wa mota ulilia dhidi ya bodi, na mweusi wa betri ulilia dhidi ya bodi.

Weusi wote wawili walikuwa wamefika kwenye chuma kilekile. Mita iliyolia dukani haikuwa imedanganya. Ilikuwa inasikia umeme ukitoka mguu mmoja wa mosifeti, ukipita kwenye waya, kwenye bodi, kwenye waya wa pili, na kurudi mguu wa pili.

Niliacha mita ikiendelea kulia mezani, ncha zimebanwa kwa vibanio, nikaanza kusogeza vitu kimoja kimoja. Nilipokivuta kitako nyuma kwa tundu moja, mlio ulikatika. Nilipokirudisha, ukarudi. Kijana aliyekuwa amesimama nyuma yangu alicheka kwa namna ya mtu aliyekumbuka alichotumia kwenye mosifeti mbili.

Kidonda cha kwanza, basi, kilikuwa kwenye bomba la kitako. Nyaya za betri hutoka ndani ya bomba hilo kupitia mwanya uliokatwa upande wa chini ili zifike kwenye betri, na mwanya ule ulikuwa umekatwa baada ya bomba kupakwa rangi, kwa kuwa ukingo wake ulikuwa mweupe, alumini tupu, wenye makali ya kukata kucha. Kila mara kitako kinapovutwa au kusukumwa, nyaya husuguliwa juu ya ukingo huo. Silikoni ni ganda zuri kwa joto, huvumilia nyuzi 200 za Selsiasi, lakini ni laini mno kwa makali. Ukiibonyeza kwa ukucha hubonyea, na ukiipitisha kwenye ukingo ulio wazi hukatika kama jibini. Kwenye waya mweusi palikuwa na mpasuko wa urefu wa punje ya mchele, na ndani yake nyuzi nne au tano za shaba zilikuwa zimepinda kutazama nje. Kipande hiki cha waya, kutoka kwenye plagi mpaka kwenye mosifeti, kilitumika tena mosifeti ilipobadilishwa, kwa sababu kijana alikata karibu na kiungo akaunga palepale. Alibadilisha kifaa na kukiacha kidonda.

Cha pili kilikuwa mbali na hapo, chini ya giaboksi, mahali mshikio unapokutana nayo. Nyaya za mota hushuka kupitia nafasi finyu kati ya ukuta wa mshikio na ukingo wa chini wa giaboksi, na mshikio wenyewe hukazwa kwa skrubu mbili zinazoingia kutoka chini. Waya wa silikoni wa namba 16 una unene wa karibu milimita 3 pamoja na ganda lake. Nafasi aliyoachiwa haikuwa na milimita 3. Mshikio ulipokazwa, waya mweusi ulibanwa dhidi ya chuma na kuacha alama bapa yenye mstari katikati, na kwenye mstari huo shaba ilionekana, imeungua rangi ya zambarau mahali ilipogusa. Ukingo wa giaboksi ulikuwa na doa dogo jeusi linalolingana nalo. Pembeni yake waya mwekundu ulikuwa umebanwa vivyo hivyo, ganda limebaki unene wa karatasi, bado halijapasuka.

Nilimuuliza kama aliwahi kuufungua mshikio baada ya kumaliza kazi ya kwanza. Akasema ndiyo: bunduki ilicheza Jumapili tatu bila tatizo, kisha mota ikawa inapiga kelele, akafungua skrubu ili aangalie inavyokutana na gia, akafunga tena usiku wa Jumamosi. Jumapili ya nne ndiyo ya tukio. Mfuatano huo ndio unaoeleza kila kitu, na hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati ya chombo hiki na gari.

Kwenye gari, bodi ni waya. Tunaiita erthi, hasi ya betri hufungwa kwenye chuma makusudi, na taa ya nyuma hurudisha umeme wake kupitia sakafu na fremu. Kwa hiyo waya wa chanya ukichubuka na kugusa chuma, hata mahali pamoja tu, shoti hupigwa hapohapo, fyuzi huruka, na fundi huitwa siku hiyohiyo. Bunduki ya easofti haiko hivyo. Bodi yake haijaungwa na upande wowote wa betri, imekaa tu katikati kama mgeni asiye na jamaa. Waya mmoja ukichubuka na kuigusa, hakuna kinachotokea: umeme umeingia kwenye bodi lakini hauna pa kutokea. Bunduki itafyatua vizuri, itasimama vizuri, na mwenyewe atalala usingizi. Kidonda kile cha kwenye kitako huenda kilikuwa kimekwisha kufika kwenye shaba tangu Jumapili ya pili, kikigusa alumini kila kitako kilipokuwa kwenye tundu lile, na hapakuwa na dalili hata moja ya kukionyesha. Kilingoja mwenzake. Waya wa mota ulipobanwa usiku wa Jumamosi, bodi ikawa waya wa tatu ambao hakuna aliyeuchora, na kazi ya mosifeti ikafanywa na kiwiliwili cha bunduki.

Ingekuwa bodi ya nailoni, kama zilivyo bunduki nyingi za bei ya chini, vidonda hivi viwili pengine visingewahi kukutana, na tungesema kwa ujasiri kwamba wayaringi ni mzima.

Kuhusu fyuzi sina budi kusema kweli hata kama haipendezi upande wangu, maana mimi ni mtu wa fyuzi. Katika kosa hili mahususi isingesaidia. Umeme ulikuwa unapita kwenye mota, na mota ndiyo iliyoupunguza mpaka kiasi cha kawaida au chini yake. Fyuzi ya ampia 20 au 25 ingeuona kama ufyatuaji wa kila siku na kuupitisha. Lakini ule waya mwekundu uliobaki na ganda la unene wa karatasi ndio ulionikosesha raha. Ungepasuka kabla ya kugunduliwa, chanya ya betri ingekutana na hasi yake kupitia bodi bila mota kati yao. Betri ya kijana ilikuwa ya miliampia 1300 kwa saa, yenye kiwango cha 20C, maana yake mtengenezaji anairuhusu kutoa ampia 26 mfululizo. Ikipigwa shoti haiulizi ruhusa, hutoa zaidi ya hapo kwa kadiri kemia yake inavyoweza, huvimba, na betri za lipo zikifika hapo huwaka moto. Hayo yangetokea kwenye kitako ambacho mchezaji anakiegemeza shavuni. Kuondoa fyuzi kwa sababu inapunguza umeme ni kubadilishana sehemu ndogo mno ya volti na jambo hilo.

Tukiwa kwenye hesabu za volti, tuitazame na sababu ya kununua nyaya nene. Safari ya umeme ndani ya bunduki hii, kwenda na kurudi, ni kama sentimita 60. Waya wa namba 16 una ukinzani wa takriban miliomu 13 kwa mita, wa namba 18 takriban 21. Kwa sentimita 60 tofauti yao haifiki miliomu 5, na ikizidishwa kwa ampia 20 inatoa chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Kati ya volti 11.1, mota haitaisikia. Hiyo ndiyo faida yote iliyopatikana kwa kusukuma waya wa milimita 3 mahali pasipo na milimita 3. Najua wachezaji wengi husifiana kwa unene wa nyaya, na kwenye ndege za mfano zinazokula ampia 80 wana haki. Humu ndani nafasi ndiyo mali adimu, na waya unaolala bila kubanwa ni bora kuliko waya mnene unaolala chini ya chuma.

Ukarabati haukuwa mgumu kama utafutaji. Kuanzia mosifeti mpaka kwenye mota niliweka nyaya za namba 18 zenye ganda la tefloni na shaba iliyopakwa fedha. Ganda hilo ni jembamba na gumu, halikatwi na ukingo kwa urahisi, na joto la pasi ya kulehemu haliliyeyushi. Ubaya wake ni kwamba waya wenyewe ni mkaidi, ukishaupinda haurudi, kwa hiyo lazima ujue njia yake kabla ya kuanza. Sehemu ya nyuma, ambako waya unahitaji kucheza na kitako, niliiacha silikoni lakini mpya, nikaivisha mrija wa plastiki unaosinyaa kwa joto mahali inapopita kwenye mwanya. Kabla ya hapo niliulainisha mwanya wenyewe kwa tupa ndogo ya mviringo na msasa mpaka nikaweza kuupitishia kipande cha pamba bila kuacha uzi. Ukingo wa chini wa giaboksi niliufanyia hivyohivyo. Fyuzi ilirudi, ya ampia 25, upande wa mwekundu na karibu na betri kadiri inavyowezekana, kwa sababu waya ulio kati ya betri na fyuzi hauna mlinzi.

Kujua kama waya unabanwa ndani ya chombo kilichofungwa kuna ujanja ambao mafundi wa injini wanao wa wino wa buluu; mimi nilimwomba mke wangu rangi ya mdomo. Nilizipaka nyaya za mota safu nyembamba, nikakaza mshikio mpaka mwisho, nikafungua tena. Ukingo wa giaboksi ulirudi na mstari mwekundu upande mmoja. Nikazisogeza nyaya milimita mbili kuelekea nyuma, nikapaka upya, nikakaza, nikafungua, na safari hii chuma kilirudi safi. Mara ya tatu nilifanya kwa ajili ya moyo wangu tu. Rangi hiyo haijarudishwa.

Betri sikuichomeka moja kwa moja. Kwenye magari, tukishuku shoti, huunga balbu mahali pa fyuzi, na nilifanya hivyo hapa kwa balbu ya indiketa ya volti 12, wati 21. Balbu hiyo hairuhusu kupita ampia 2, hata kama mbele yake chuma kimegusana na chuma, kwa hiyo kosa lililobaki litawasha taa badala ya kuunguza kitu. Magazini nje, chemba tupu, mtutu ukielekea kwenye gunia la mchanga, nilichomeka. Balbu ilikaa giza. Nikakipeleka kitako kwenye kila tundu, mbele na nyuma, nikaupinda mshikio, nikaigonga bodi kwa mpini wa bisibisi: giza. Nikampa kijana avute triga mwenyewe. Balbu iliwaka, mota ikanguruma kidogo bila nguvu ya kuzunguka, na alipoachia, ikazimika. Ndipo balbu ikatolewa na fyuzi ikaingia.

Mosifeti ile ya kwanza, iliyotangazwa kufa, alikuwa ameihifadhi kwenye boksi la betri. Niliipima peke yake juu ya meza, ikiwa haijaungwa na chochote: upande mmoja mita ilisoma karibu nusu volti kama inavyotakiwa, upande mwingine ikaonyesha kwamba umeme haupiti. Aliitazama kwa muda, akaifunga kwenye karatasi na kuiandika kwa kalamu “nzima”, kisha akaniuliza kama duka linaweza kuirudisha.